Simu Imekuwa Mwalimu

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, masomo yalitangazwa redioni. Madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Kwangu watoto wa jirani walijaa mkekani kusikiliza, wakabishana juu ya hesabu hadi maharagwe yakaungua. (Tuliyala hivyo hivyo.)

Siku hizi binti yangu huuliza simu. Jibu huja upesi, naye hunyamaza. Juzi nilimwambia amweleze mdogo wake hesabu ya sehemu aliyoimaliza. Akashindwa, akalia. Daftarini jibu lilikuwa sahihi, lakini halikuwa lake. Nilijilaumu, maana kimya kile kilikuwa kimenipendeza. Nilipata nafasi ya kufua nguo.

Simu sikumnyang'anya. Sasa husomea sebuleni. Akishatazama, huifunika simu na kutufundisha kwa mdomo wake. Jumamosi huja mtoto wa jirani, ambaye kwao hakuna simu ya intaneti. Yeye huuliza "kwa nini?" bila kuchoka, na mara mbili amemkuta binti yangu amekosea. Mabishano yamerudi. Baba Watoto analalamikia kelele. Maharagwe nayachunga mwenyewe.