SHIMO LILILOTUJENGEA NYUMBA LISIACHWE UCHI

Nyumba zetu, barabara zetu, gati zetu na shule zetu zimetoka ardhini. Kila mfuko wa saruji na kila lori la kokoto lina shimo lake mahali fulani, nasi tukaao ndani ya nyumba hatulioni. Wanaoliona ni wale waliovunja mawe humo, pamoja na majirani zao. Siku mwamba unapokwisha, mitambo hupakiwa, lango hufungwa, nao huachiwa jabali tupu lisiloota hata nyasi, maji yaliyotuama yenye mbu, na kingo ambazo watoto huanguka kutoka juu yake. Twauliza: ni haki gani hiyo, faida iondoke na malori na hasara ibaki kwa wananchi?

Wako wanaosema kwamba jabali haliponi, na kwamba kupanda miti juu ya mawe ni kupoteza fedha. Hao twawaelekeza Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa. Huko mawe ya matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1950, hata ardhi ikawa nyeupe, kavu na yenye joto kali, na maji ya chini yakawa ya chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Bwana René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, alianza kujaribu miti humo. Aina 26 zilipandwa. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti mmoja wa asili ya Somalia, na mvinje, ule mti wa pwani ambao mabaharia wetu wanaujua tangu zamani.

Mvinje hauogopi chumvi, tena mizizini mwake mna vijidudu viwezavyo kutwaa naitrojeni kutoka hewani na kuilisha miti. Lakini ilitokea shida nyingine. Majani yake membamba kama sindano yana ukakasi mwingi. Yalianguka yakalala chini pasipo kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo wakaletwa jongoo wekundu wa miguu, ambao huyala majani yale makavu, na katika mavi yao vijidudu huimalizia kazi hata ikapatikana mboji. Wazee wetu walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bamburi jongoo hakutupwa. Aliitwa kazini, naye akautengenezea mti udongo wake. Kivuli kilipopatikana miti mingine ikafuata, kisha ndege na wanyama, na mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa watu wote. Leo panaitwa Haller Park.

Sisi twaona mafunzo matatu katika jambo hili. La kwanza, kazi hiyo ilianza kiwanda kikiwa hai, chenye fedha, magari na mikono ya watu. Aliyekwisha kufunga lango na kwenda zake hapandi mti. La pili, miti 23 kati ya 26 ilishindwa, na hakuna aliyesema basi. La tatu, toka kupanda hata kufungua ilipita miaka 13. Kwa hiyo zile sherehe za asubuhi moja, ambapo mkubwa hushika jembe, picha ikapigwa, na mche ukafa kabla ya mwezi kwisha kwa kukosa mtu wa kuumwagilia maji, hizo si kuponya ardhi. Ni kuipaka poda maiti.

Wala hatusemi kila shimo lipandwe mvinje. Jabali la Mwanza si matumbawe ya Mombasa. Kila mahali pana miti yake ya asili, na bwana misitu akishirikiana na wazee wa mahali hapo watajua ipi itangulie na ipi ifuate. Lakini kanuni moja yafaa kila mahali: udongo wa juu unaoondolewa kabla ya kuufikia mwamba usitupwe wala kuuzwa. Urundikwe kando, utunzwe, kwani huo ndio akiba ya shimo.

Sheria tunazo. Kenya ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2004, na zote mbili zimetoa uwezo wa kumwamuru aliyeharibu ardhi airudishie uhai wake. Lakini amri haisaidii kitu iwapo mwenyewe amekwisha hama na mfuko wake. Hivyo twataka fedha za kuponya shimo ziwekwe amana kabla jiwe la kwanza halijavunjwa, na kila mwaka sehemu iliyokwisha kuchimbwa ipandwe huku nyingine ikiendelea. Na machimbo madogo yasiyo na kampuni, ambayo halmashauri hutoza ushuru wa mawe yake, yapate fungu katika ushuru huo huo. Atozaye ushuru wa jiwe hawezi kulikana shimo.

Kwa wafanyakazi tuna neno la mwisho. Bandu bandu huisha gogo, na mwamba vivyo hivyo. Vyama vyenu vinapokaa mezani na waajiri kuzungumza mishahara, na vizungumze pia habari ya kitalu cha miche. Mtu aliyevunja mawe miaka 20 anayajua maji yanakosimama na upepo unakotokea. Huyo ndiye astahiliye kuajiriwa kupanda, kumwagilia na kulinda, badala ya kupewa barua ya kwaheri siku lango linapofungwa. Mikono iliyoivua ardhi nguo yake inao uwezo wa kuivika tena, ili mradi ilipwe ujira wake.