Mnaouliza nafasi za utafiti Marekani

Meseji zimekuwa nyingi: "Kaka, kuna nafasi za utafiti baada ya PhD?" Hasa nyie mnaosomea kinga ya mwili, upande wa seli T. (Mama, ni zile CD4 wanazopima kliniki kwa wenye VVU. Na hapana, sisomi tena, hii ni kazi, nalipwa mshahara!)

Nafasi zipo. Ila mnakimbilia jina la chuo, mimi nasema uliza kwanza hela ni ya nani. Ufadhili wa serikali unaoitwa F32 ni wa raia na wenye green card tu. Mgeni mara nyingi analipwa na ruzuku ya bosi. Ikikauka, mkataba unayumba na viza inayumba nayo. K99 umekuwa ukipokea hata wageni, lakini usiwe umezidi miaka minne ya utafiti baada ya PhD. Kwa hiyo mwaka wa kwanza si wa kuzubaa.

Swali la pili kwa bosi, kabla hujasaini: nikiondoka, naondoka na mradi gani? Akianza kigugumizi, tafuta kwingine.

Na kwa nini wote Boston? Kilifi pale, KEMRI-Wellcome wanachunguza kinga ya malaria kwa damu ya watu wetu wenyewe, si ya panya. Mimi ningeanza kubisha hodi huko.

Mwenye barua ya maombi anitumie. Nasoma Jumapili, siku nyingine nipo maabara.