Chungu cha Ugenini: Kesadia na Chatne ya Kijani

Mwaka huu twaingia jikoni kwa jirani zetu wa Meksiko, wala si kwa ajili ya upishi peke yake. Wajukuu wetu hapa Texas wamekua na kesadia kama sisi tulivyokua na mkate wa kumimina. Wakimkaribisha bibi yao, bibi husema, "Ahsante mwanangu, sijui mna nini ndani." Mtoto huona amedharauliwa, bibi huona ameihifadhi dini yake.

Na bibi hakukosea kuuliza. Mkate wa ngano wa kaskazini ya Meksiko na wa hapa Texas, uitwao tortiya, kwa desturi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Siku hizi mingi ya dukani hutiwa mafuta ya mimea, lakini si yote. Basi soma karatasi yake neno kwa neno. Jibini nalo lina lake, maana kigandishi cha maziwa huweza kutoka tumboni mwa ndama. Mimi hununua lililoandikwa kuwa halikugandishwa kwa kitu cha mnyama.

Dawa ni kukanda mwenyewe. Chukua unga wa ngano vikombe 2, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta au samli vijiko vikubwa 4. Fikicha, kisha tia maji ya moto kidogo kidogo mpaka donge liwe laini. Kata madonge 8, yafunike nusu saa. Sukuma membamba sana, uchome kwenye chuma kikavu, kila upande kama nusu dakika. Msikunje wala kupaka samli kama chapati! Ifunike ndani ya kitambaa isikauke.

Kisha tandaza jibini lililokwaruzwa nusu ya mkate, kunja, urudishe kwenye moto wa wastani mpaka jibini liyayuke. Monterey Jack lafaa sana. Jibini gumu la zamani hutoa mafuta tu. Jina lenyewe latokana na "queso", yaani jibini, lakini jijini Mexico City muuzaji aweza kukuuliza kama waitaka na jibini au bila. Wenyewe hawajamaliza ugomvi huo.

Chatne ndiyo roho yake. Tunda lake ni tomatiyo, ambalo si tungule bichi, ingawa wafanana. Lina ganda kama karatasi na ukali wa kupendeza. Menya nusu kilo, osha kwa maji ya vuguvugu ule unato utoke. Saga na pilipili mbichi 2, robo ya kitunguu, chembe ya thomu, kotmiri konzi moja na chumvi. Usisage ikawa uji. Wenyewe hutwanga katika kinu cha jiwe, na ndivyo inavyonoga. Huko Uingereza na Maskati mkikosa tomatiyo, tungule mbichi na ndimu vitasaidia, ijapokuwa ladha si ile. Akina bibi wasioweza pilipili watie embe mafuta nusu.

Iliwe siku hiyo hiyo, kwani kotmiri ikilala hugeuka rangi. Na mjukuu apewe kazi ya kukwaruza jibini mbele ya bibi, karatasi yake ikiwa mezani.