UCHOVU HAUTIBIWI KWA KUBAHATISHA



Juu ya kila figo Mungu ameweka tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi hutoa homoni zinazousaidia mwili kustahimili magonjwa na mashaka. Huko Marekani, tangu mwaka 1998, limeenea jina “uchovu wa adrenali”, na pamoja nalo vidonge vya “kuzisaidia” tezi hizo, vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Wapo wanaovitaka huku maziwa au ngano vinawakataa, nao huuliza: tuchague vipi? Sisi twaona swali hilo limeruka hatua.

Kwanza, mabingwa wa homoni hawautambui ugonjwa huo, maana utafiti haujauthibitisha. Ugonjwa wa kweli wa tezi hizi ni ule ulioelezwa na daktari Mwingereza Thomas Addison mwaka 1855. Mgonjwa hukonda, ngozi hugeuka nyeusi zaidi, presha hushuka, naye hutamani chumvi. Kifua kikuu ni mojawapo ya vyanzo vyake. Mtu huyu ahitaji hospitali. Akingojea vidonge vya dukani aweza kupoteza maisha.

Pili, mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipima aina 12 za vidonge hivyo. Zote zilikutwa na homoni ya tezi ya shingo, na aina 7 zilikuwa na homoni za steroidi. Anayemeza steroidi kwa muda mrefu bila kujua, tezi zake huweza kulala. Akiacha ghafla, yuko hatarini.

Tatu, kidonge huwa na vijazo: sukari ya maziwa, wanga wa ngano, pengine soya. Vingine hutengenezwa kwa tezi za ng'ombe au nguruwe zilizokaushwa. Mwenye mzio asisome maandishi makubwa ya mbele tu, ageuze chupa.

Basi ushauri wetu ni huu. Uliyechoka, nenda ukapimwe damu, sukari, malaria na kifua kikuu. Mweleze daktari vyakula ulivyoacha, kwa kuwa aliyeacha vingi kwa kuogopa tumbo huenda amechoka kwa sababu hali vya kutosha. Kama umekwisha kuvitumia vidonge hivi, usiviache kimyakimya. Chukua chupa, umwonyeshe.

Mwili ni amana tuliyokabidhiwa na Mungu. Tusiutunze kwa kubahatisha.