MICHEZO NA VIJANA: Ukiwa chini, bado hujashindwa

Katika toleo lililopita tuliahidi kuendelea na somo la kushindana chini bila kimono. Lakini kabla ya somo tuna deni la kulipa.

Mama mmoja alitufuata pale uwanjani, amemshika mwanaye mkono. Bega la mtoto lilikuwa limevimba. Mama akasema: "Ninyi walimu, mimi mtoto namtuma ajifunze kujilinda, ninyi mnamfundisha kulala chali mwenzake amkalie. Huko si kujilinda, huko ni kujitoa sadaka."

Tulinyamaza, maana nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kijana yule ana mwili mdogo. Tulimpanga na mwenzake mkubwa, tena tulimfundisha kushambulia kabla hajajua kukaa chini vizuri. Basi akalala mgongo wote, akashika fulana ya mwenzake, fulana ikateleza kwa jasho, mwenzake akaruka miguu yake na kumwangukia begani. Kule zahanati walisema mfupa haukuvunjika, apumzike tu. Kosa halikuwa la watoto. Lilikuwa letu. Tulimwomba mama msamaha, na mbele yenu tunarudia: mtusamehe.

Sasa tujibu swali lake: kwa nini tunafundisha kukaa chini?

Ni kwa sababu kila mtu anaweza kuangushwa, hasa mdogo akikutana na mkubwa. Ukiangushwa, miguu ndiyo ukuta wako. Ina nguvu kuliko mikono, tena ni mirefu. Ukiifunga kiunoni mwa mwenzako, huo ni ulinzi wa kufunga. Ukiiacha huru ili isukume, inase na kuinua, huo ni ulinzi wa wazi. Ndio tunaouzungumzia leo.

Mchezo huu una asili ya judo. Mjapani Mitsuyo Maeda aliipeleka Brazili mwaka 1914, na jamaa ya Gracie huko wakaikuza sehemu ya kupigana chini. Wakongomani wengi tunamjua Popole Misenga, mtoto wa Bukavu aliyecheza judo. Yeye alibaki Brazili mwaka 2013 kama mkimbizi, na mwaka 2016 alishindana katika Olimpiki ya Rio kwenye timu ya wakimbizi.

Kwa upande wa kushindana bila kimono, mfano wetu ni Marcelo Garcia wa Brazili. Katika mashindano makubwa yaliyoanzishwa Abu Dhabi mwaka 1998, yeye alishinda uzito wa chini ya kilo 77 mara nne: 2003, 2005, 2007 na 2011. Mwaka 2007 alifika hata fainali ya wale wanaoshindana bila kujali uzito. Hakuwa jitu. Alikaa kitako, akaingiza miguu ndani ya mapaja ya mtu, akamwinua. Basi, tufuate njia hiyo hatua kwa hatua.

Kwanza, usilale mgongo wote. Kaa kitako, au lala ubavu, bega moja liwe juu. Kidevu karibu na kifua. Mtu aliyelala chali kabisa hawezi kuhamisha kiuno, na kiuno kisipohama hakuna ulinzi.

Pili, sahau nguo. Bila kimono hakuna mkono wa nguo wala kola ya kushika, na fulana tunakataza. Shika kifundo cha mkono, shika juu ya kiwiko, shika nyuma ya shingo, au pitisha mkono chini ya kwapa. Akiwa amesimama, shika kisigino. Jasho linaponyoa mshiko mmoja, mkono wa pili uwe tayari umeshika pengine.

Tatu, mguu mmoja uwe unamgusa wakati wote. Unyayo kiunoni, au gotini, au mguu umenasa ndani ya paja lake kama kulabu. Ukiondoa mguu wa kulia, wa kushoto ubaki kazini. Kijana wetu aliumia pale miguu yote miwili ilipokuwa hewani. Ukuta ulikuwa umeondoka.

Nne, akianza kupita ubavuni, usimkumbatie. Weka mkono kama mti wa kuegemeza nyumba, sehemu ya chini ya mkono ikae shingoni au begani mwake. Hamisha kiuno nyuma, halafu rudisha goti katikati yenu. Kiwiko na goti vikae jirani. Pakiwa na nafasi kati yake, hapo ndipo atapita.

Tano, kipepeo. Umekaa kitako, miguu yote miwili iko ndani ya mapaja yake. Mkono mmoja chini ya kwapa lake, mwingine umebana mkono wake wa upande wa pili. Kichwa chako chini ya kidevu chake. Mvute aje juu yako mpaka uzito wake utoke magotini. Hapo angukia upande ule uliobana mkono, na umwinue kwa mguu wa upande wa pili. Hana mkono wa kujizuia, atapinduka. Ukisahau kumvuta kwanza, unainua jiwe.

Sita, akirudi nyuma, simama. Mkono mmoja chini nyuma yako, mguu mmoja umekanyaga, wa pili mbele ukimzuia. Inua kiuno, vuta mguu nyuma, simama ukimtazama. Wengi wanaisahau hatua hii. Tunakaa chini ili tupate njia ya kuinuka. Hatukai kule kwa kupenda.

Namna ya kufanya mazoezi: dakika tatu tatu. Mmoja chini, mmoja juu. Wa juu anatafuta kupita miguu, wa chini anazuia au anapindua. Hakuna kukaba wala kukunja viungo mpaka mwalimu aseme. Juma la kwanza nguvu iwe kidogo tu, na wenye uzito sawa wapangwe pamoja.

Sheria mpya za uwanja wetu ni hizi. Mwenzako akigonga mara mbili, kwa mkono au kwa mguu, achilia hapo hapo, usingoje. Kuzungusha kisigino na kunyonga shingo kwa kuipinda ni marufuku. Kucha zikatwe, hereni zitoke. Mwenye upele au choa apumzike mpaka apone, maana tunagusana ngozi. Na bila mtu mzima uwanjani, hakuna mazoezi. Magunia ya pumba na turubai juu yake tunayakagua kila siku kabla ya kuanza, jiwe lisiwe limeingia.

Kijana wetu alipumzika, kisha akarudi. Tulimweka tena na yule mkubwa, safari hii kwa sheria hizo. Dakika tatu nzima miguu yake haikuachana na kiuno cha mwenzake. Hakumpindua, lakini hakupitwa. Mwishoni akasimama mwenyewe kama tulivyofundisha. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, mdogo wake mgongoni. Hakutusifu. Alisema tu: "Leo mgongo wake hauna vumbi."

Kwetu hilo lilitosha. Wazazi, karibuni mje muone kwa macho yenu, na wasichana nao wana saa yao na mwalimu wa kike. Maswali yenu yaandikeni na kuyatia kwenye sanduku la maoni. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuanguka bila kuumia. Tuonane uwanjani.