Tumbawe la Malindi lafichua siri ya tope baharini

Kila mvua kubwa zinaponyesha bara, maji ya bahari karibu na Malindi hugeuka mekundu kwa tope la Mto Sabaki. Je, ndivyo ilivyokuwa tangu kale?

Jibu limo ndani ya matumbawe. Tumbawe huongeza tabaka la chokaa kila mwaka, na katika tabaka hilo hubaki bariamu, madini yanayofika baharini pamoja na udongo wa mto. Wanasayansi waliopima tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 walitangaza mwaka 2007 kwamba kati ya 1700 na 1900 kiasi cha udongo karibu hakikubadilika. Baada ya 1900 kilipanda mfululizo, kadiri matumizi ya ardhi yalivyozidi.

Joto la bahari, lililoua matumbawe mengi mwaka 1998, ni tishio kubwa. Lakini tope ni mzigo wetu wenyewe. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, haina ukuta wa kulizuia. Ulinzi wake hauna budi kuanzia kwenye mashamba ya nyanda za juu karibu na Nairobi, ambako mto huo huitwa Athi.