Noti Iliyochakaa Ina Mji Wake

Na Rashidi Mwinyimkuu

Wakusanyaji wa noti za zamani za Marekani siku hizi wanalipia unyoofu wa karatasi. Noti isikunjwe, kona zake ziwe kali, rangi isipauke. Mimi nasimama upande wa wanaosoma kwanza jina la mji.

Kati ya 1863 na 1935, maelfu ya benki za Marekani, nyingine katika miji midogo ya wakulima, zilitoa noti zenye majina yao kwa leseni ya serikali kuu. Benki iliweka rehani hati fungani za serikali huko Washington. Kwa hati za dola 100,000 ilipewa noti za dola 90,000, na tangu 1900 ikapewa thamani yote. Kwa miaka mingi noti zilifika benki zikiwa karatasi nzima, hazijakatwa wala kutiwa saini. Saini zilikuwa za rais wa benki na keshia wake. Baadaye wengi walitumia mihuri, lakini palipobaki wino wa kalamu, hapo una mkono wenyewe wa mtu wa mji ule.

Benki ikifilisika, noti zake hazikufa, serikali ilizilipa. Zilizochakaa zilirudishwa na kuharibiwa. Ndiyo maana noti za benki kubwa za New York, zilizotolewa kwa wingi, bado zinapatikana, ilhali za mji mdogo huenda zimesalia mbili tatu. Za Juneau na Honolulu, zilizotolewa kabla Alaska na Hawaii hazijawa majimbo, hugombewa sana mnadani.

Sasa kuna watu wanaofua noti kama hizo na kuzipiga pasi ili zionekane mpya. Huo ni uharibifu. Sampuli safi za kiwandani zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, na zinatuonyesha mchoro ulivyokuwa. Haziwezi kutuonyesha noti iliyopita sokoni na kwenye duka la mbegu. Mikunjo na madoa ndiyo yanayobeba habari hiyo, na ukiyaondoa hayarudi.

Ukiwa na noti ya namna hii, iache ilivyo. Soma namba ya leseni, tafuta magazeti ya mji ule na daftari za sensa, umjue keshia alikuwa nani na benki ilifungwa lini. Andika uliyoyapata, uyaweke pamoja na noti, ili atakayeinunua baada yako apewe vyote viwili.